Majivu Yanayogeuka Jiwe: Makaa ya Mawe na Kuni mu Shodieri Moja



Kila asubuhi ba mama wanaondoa majivu mu mbabula, wanayamwaga nyuma ya nyumba, na habari yao imekwisha. Juu ya hiyo watu wengi wanafikiri majivu ni kitu kilichokufa: moto umekula chakula chake, na kilichobaki ni vumbi tu. Kwa mbabula hayo ni kweli. Kwa shodieri ya kiwanda si kweli hata kidogo. Mule ndani majivu yanaweza kuyeyuka, kushikamana na tiyo za chuma, kukomaa sawa jiwe, na kusimamisha kiwanda kizima. Tena ugonjwa huu unageuka sura wakati watu wanachanganya makaa ya mawe na kuni, unga wa mbao, magunzi ya mahindi ao majani makavu.

Tupatane kwanza juu ya majina. Hapa kwetu tukisema «makala» tunafikiri makala ya miti, ile ya mbabula. Katika habari hii «makaa ya mawe» ni yale yanayochimbwa chini ya udongo, kama ya Luena. Na «shodieri» ni ule mtungi mkubwa wa chuma wenye moto upande mmoja na maji upande mwingine. Maji yanageuka mvuke, na mvuke unafanya kazi: unazungusha mashini, unapasha moto, unakausha.

Mwingine atauliza: kwa sisi wa Likasi habari hii ni ya nini? Umeme wetu unatoka mu maji. Kweli. Mwadingusha kwenye mto Lufira inafanya kazi tangu 1930, Koni ikaifuata mwaka 1950, na ku Lualaba kuna Nzilo na Nseke. Lakini kila mtu anajua umeme hautoshi, na usiku tunasoma na mshumaa. Upande mwingine miti inakwisha. Magunia ya makala yanatoka mbali kila mwaka kupita mwaka uliotangulia. Na ku Luena, kwenye njia ya reli ya kwenda Bukama, kuna makaa ya mawe yaliyoanza kuchimbwa miaka ya 1920. Basi si ajabu kusikia mtu akisema: «Tuchanganye! Nusu makaa ya Luena, nusu mabaki ya mbao na ya shamba. Tutapata mvuke kwa bei ndogo.» Wazo lenyewe si baya. Ila yule anayesema hivyo amehesabu moto, majivu hakuyahesabu.

Shodieri ambazo wazee wengi wa hapa waliziona kwanza zilikuwa na magurudumu. Reli ilifika Lubumbashi kutoka kusini mwaka 1910, kisha ikasonga mpaka huku kwetu, na ikafika Bukama mwaka 1918. Masini za moshi zilikula kuni na zilikula makaa ya mawe. Jirani zetu wa reli ya Benguela, mu Angola, walipanda mashamba makubwa ya mikaratusi kandokando ya njia kwa kulisha masini zao. Mtu wa moto hakuwa mtu wa kutupa kuni tu. Alishika chuma kirefu na kuvunja mabonge yaliyoshikamana juu ya vyuma vya wavu, pale moto unapolala. Bonge likifunga nafasi za wavu, hewa haipiti, moto unalegea, na treni inakosa nguvu mu mlima. Kazi ile ilipungua kwetu miaka ya 1950, wakati njia kati ya Jadotville (ndiyo Likasi) na Tenke ilipowekwa umeme.

Sasa bonge lile linatoka wapi? Wenye kujua jibu vizuri kushinda wote ni watu wa shaba.

Mafundi wa zamani waliita uchafu unaotoka mu tanuru «mavi ya chuma». Msicheke, ndilo jina lake. Ku Lubumbashi tanuru kubwa za shaba zilianza mwaka 1911, na koki yao ilitoka kwenye makaa ya Wankie, leo Hwange mu Zimbabwe. Jiwe lenye shaba ni gumu kuyeyuka. Basi mafundi waliongeza mawe mengine, chokaa na mawe yenye chuma. Unaweza kushangaa: jiwe halitaki kuyeyuka, na wewe unaongeza mawe? Ndiyo, na hapo ndipo siri iko. Mawe yaliyochanganywa yanayeyuka mapema kushinda kila jiwe peke yake. Shaba ni nzito, ikashuka chini. Mavi yakaelea juu, yakamwagwa nje yakiwa moto, mwaka kwa mwaka, mpaka yakawa ule mlima mweusi karibu na shimini ndefu. (Mlima huo haukuwa takataka bure: tangu mwaka 2000 hivi unachukuliwa tena juu ya kobalti iliyobaki ndani yake.)

Angalieni hesabu. Mchanga mweupe safi, ndiyo silika, unayeyuka karibu na digrii 1,710. Alumina, ambayo ni mingi mu udongo wa kufinyanga, karibu na 2,050. Chokaa iliyochomwa inapita 2,500. Changanya hizo tatu kwa kipimo chake, na mchanganyiko unayeyuka kwa digrii 1,170 tu! Anayeona ni uchawi aende kwa fundi wa radio. Risasi peke yake inayeyuka kwa digrii 327, bati safi kwa 232, lakini ile waya yake laini ya kushikamanisha, ambayo ndani ni risasi na bati, inayeyuka kwa 183. Ni sheria moja.

Basi kile ambacho fundi wa shaba anakitafuta na kukilipia, mtu wa shodieri anakiogopa. Tanuru ya shaba inataka mawe yayeyuke na kutiririka. Shodieri inataka majivu yabaki vumbi, yaanguke chini kwa utulivu ao yapite na moshi.

Na majivu ni nini kama si mawe? Makaa ya mawe yalikuwa miti na majani yaliyozikwa mu matope zamani za zamani. Matope yale yamebaki ndani yake. Ukiyachoma, unabakia na silika, alumina na chuma: kwa maneno mengine, udongo uliochomwa. Mti wa leo haukuzikwa mu matope. Majivu yake ni kidogo, mara nyingi kilo moja tu kwa kilo 100 za kuni kavu, lakini ni ya ukoo mwingine: chokaa mingi, na potasi. Potasi ndiyo ile inayofanya maji ya majivu yateleze mu vidole, ile ambayo ba bibi waliipikia sabuni. Mmea unaivuta mu udongo kwa kukua, kwa hiyo iko mingi pale mmea unapokua mbio: majani, mabua, magunzi, vishada vitupu vya michikichi. Mu mbao ya ndani ya mti ni kidogo. Mu ganda ni mingi zaidi, tena ganda linakuja na mchanga wake.

Sasa mnaona. Makaa ya mawe yanaleta mchanga na udongo. Mmea unaleta chokaa na potasi. Mchanga, chokaa na kitu cha ukoo wa potasi, vikipikwa pamoja, vinatoa nini? Kioo! Zamani mu misitu ya Ulaya watu walitengeneza kioo kwa mchanga na majivu ya miti. Hata hapa Likasi ushahidi uko karibu. Nenda pale wanapochoma matofali kwa kuni. Yale ya katikati ni mekundu na mazuri. Yale ya kinywa cha moto mara kwa mara yana ngozi inayong’aa, nyeusi ao kijani, na mawili matatu yameshikamana mpaka nyundo haiyaachanishi. Udongo ulikutana na majivu ya kuni mu moto mkali.

Katika shodieri ugonjwa una sehemu mbili, na ni vizuri kutozichanganya.

Ya kwanza ni mu tanuru yenyewe, karibu na moto, ambapo joto linaweza kupita digrii 1,200. Majivu yaliyolainika yanapigwa ku ukuta na ku tiyo, yanaganda, mengine yanakuja juu yake. Hayo ndiyo mavi ya kweli. Ya pili iko mbele zaidi, kwenye njia ya moshi, ambapo kuna tiyo za kukausha mvuke. Huko moto hauko, ni moshi wa joto tu. Kinachotokea ni kingine: potasi na klori ya mmea zimekuwa mvuke mu moto, zinasafiri na moshi, zinakuta tiyo isiyo na joto kama wao, zinaganda juu yake, sawa maji yanavyoganda chini ya kifuniko cha chungu. Chumvi hiyo ya potasi inayeyuka kwa digrii 770 hivi, na ikichanganyika na chumvi nyingine chini ya hapo. Inakuwa gundi. Kila vumbi linalopita linakamatwa. Huo nitauita ukoko, kwa sababu unafanana na ule wa chini ya chungu ya bukari: mwembamba mwanzo, kisha kisu hakiuwezi.

Sehemu hizi mbili zinasaidiana kwa ubaya. Mavi yakifunika ukuta wa tanuru, maji hayapati joto lake. Joto linakwenda wapi? Linasonga mbele na moshi. Basi majivu yanafika kwenye tiyo za mbele yangali laini, wakati yangepaswa kuwa yamekauka, na ukoko unakua mbio. Mfanyakazi anaona mvuke unapungua, anaongeza makaa, joto linapanda tena, mavi yanaongezeka. Nimeona watu wanaieleza hali hii kama «shodieri imezeeka». Haijazeeka, imevikwa blanketi. Chini ya ukoko wa klori chuma chenyewe kinaliwa polepole, tiyo inakuwa nyembamba, na siku moja inapasuka.

(Kuna ukoko mwingine, ule mweupe wa ndani ya tiyo, unaotoka mu maji, sawa ndani ya birika ya chai. Huo si habari yetu. Dawa yake ni kusafisha maji, si kubadilisha kuni.)

Je, kuchanganya ni kubaya basi? Hapana, na hapa ndipo mambo yanapendeza. Wakati mwingine makaa ya mawe yanaponya ugonjwa wa mmea. Udongo uliomo mu majivu yake unaweza kuikamata potasi na kufanya nayo jiwe linalovumilia moto kupita digrii 1,600. Na kiberiti, ile tunayoisoma katika habari ya Sodoma, ambayo iko ndani ya makaa mengi ya mawe, inaigeuza chumvi ya potasi na klori kuwa chumvi nyingine isiyoyeyuka kabla ya 1,069, na klori inatoka na moshi badala ya kula chuma. Kwa hiyo majani makavu peke yake yanaweza kuharibu shodieri kupita majani yale yale yaliyochanganywa na makaa ya mawe. Mtu akisema matokeo yatakuwa katikati ya mawili, kama kuchanganya maji ya moto na ya baridi, amekosa. Yanaweza kuwa bora kupita yote mawili, ao mabaya kupita yote mawili.

Kinachoamua ni hesabu ya majivu, si hesabu ya magunia. Chukua kilo 80 za makaa ya mawe yenye majivu 20 kwa mia, na kilo 20 za kuni zenye 1 kwa mia. Makaa yanaleta kilo 16 za majivu, kuni zinaleta gramu 200. Potasi ya kuni inapotea mu udongo ule, sawa chumvi ya kijiko mu pipa. Sasa chukua kilo 50 za makaa mazuri yenye 8 kwa mia, na kilo 50 za majani makavu yenye 6 kwa mia. Makaa yanaleta kilo 4, majani kilo 3. Hapo mmea una sauti kubwa, na kioo kiko karibu. Makaa ya Luena yanajulikana kwa majivu mingi, na watu wanayadharau juu ya hiyo. Kwa kuchoma peke yake, dharau hiyo ina sababu: unabeba mawe mu treni, unalipia mawe, halafu unayatupa. Kwa kumeza potasi ya mmea, udongo wao mwingi unaweza kuwa msaada. Ila ni lazima kupima kwanza, kwa sababu chokaa ya kuni na chuma cha makaa vinaweza kuvuta upande mwingine.

Kupima kunafanywa hivi. Majivu yanasagwa, yanafinyangwa kama kipiramidi kidogo, yanaingizwa mu tanuru ndogo yenye dirisha, na joto linapandishwa. Mtu anaangalia na kuandika digrii nne: pale ncha inapoanza kuinama ao kuviringa, pale kipande kinapokuwa kama mpira, pale kinapokuwa nusu mpira, na pale kinapotandaa kama mafuta. Kama moto wa shodieri unapita digrii ya kwanza, jiandae kwa nyundo.

Wengine walikwisha kupita njia hii. Mu Danemark, wakulima wana majani mingi ya ngano, na serikali yao ilitaka yachomwe mu viwanda vya umeme. Ku Studstrup, kati ya 1996 na 1998, walipima shodieri ya megawati 150 kwa makaa ya mawe na majani, mpaka sehemu 20 kwa mia ya moto wote itoke kwenye majani. Kwa sehemu 10 mambo yalikwenda vizuri. Kwa 20 ukoko uliongezeka, lakini kazi ilifanyika. Jambo lililonipendeza kwao ni hili: majani yaliyoachwa shambani yakanyeshewa na mvua ni bora kwa shodieri kushinda yale yaliyovunwa makavu na mazuri, kwa sababu mvua inaosha potasi na klori. Kwetu mvua ni bure kuanzia Novemba. Mabua yaliyolala nje msimu mmoja, kisha yakakaushwa, yana chumvi ndogo.

Karibu zaidi na Afrika, mu kisiwa cha Réunion, kiwanda cha Bois-Rouge kilianza mwaka 1992 kuchoma masalio ya miwa wakati wa mavuno na makaa ya mawe miezi mingine, mu shodieri zilezile. Baada ya miaka 30 waliacha makaa ya mawe, wakaleta vipande vya mbao vilivyoshindiliwa. Wale waliuchagua mpango wa zamu: kila kitu wakati wake.

Kwa kiwanda kidogo cha kwetu, chenye mvuke wa bari 10, hatari si ile ya Danemark. Mvuke wa bari 10 una joto la digrii 180 hivi, tiyo zake ni baridi, na klori haizili haraka. Taabu itakuwa ku wavu, mabonge yaleyale ya wakati wa treni, na mu tiyo ndogo za moshi zinazoziba. Dawa zake si za ajabu. Kuni zitiwe kidogo kidogo pamoja na makaa, si rundo moja pembeni, kwa sababu rundo linafanya jiko lake lenyewe. Mchanga upepetwe. Unga wa mbao uliofagiwa chini ni nusu mchanga! Hewa iwe ya kutosha: moto unaokosa hewa unageuza chuma cha majivu kuwa sura inayoyeyuka mapema, ndiyo maana shodieri inayotoa moshi mweusi ndiyo pia inayotoa mabonge mengi. Na tiyo zipulizwe kwa mvuke ao hewa kila zamu, ukoko ungali unga, si siku ya Jumamosi umekwisha kuwa jiwe.

Juu ya kuvunja mavi yaliyokwisha kukomaa nitasema neno moja kwa wale watakaofanya kazi viwandani. Bonge linaloning’inia juu haligongwi na mtu aliyesimama chini yake, na halimwagiwi maji likiwa moto. Mabonge makubwa yakianguka yanavunja tiyo za chini, na maji yakikutana na mavi ya moto yanageuka mvuke kwa kupasuka. Watu wamekufa hivyo mu viwanda vya nchi tajiri zenye kofia na viatu vya kazi. Moto uzimwe, shodieri ipoe, ndipo mtu aingie. Shefu akikataa kungoja, nyundo ibaki chini.

Ndugu wa biyoshimi wanaweza kufanya kipimo kidogo hapa shuleni bila tanuru ya digrii 1,500. Chomeni kilo moja ya unga wa mbao na kilo moja ya magunzi makavu, kila moja mu chombo chake, mpaka majivu yawe meupe. Pimeni uzito. Tieni maji ya moto, changanyeni, chujeni kwa kitambaa, kisha chemsheni maji yaliyochujwa mu sufuria ya chuma, si ya aluminiumu maana yataila, mpaka ibaki chumvi kavu. Pimeni chumvi. Gawanyeni uzito wa chumvi kwa uzito wa majivu, na linganisheni: yenye hesabu kubwa ndiyo ya kuogopa mu shodieri. Maji yale ni makali, msiyaguse kwa mkono wenye kidonda wala kuyakaribisha macho, na ndoo ya maji safi iwe pembeni.